Tusizipange upya nyaraka: niliyojifunza tukijenga maktaba ya kiwanda cha nguo

Kiwanda cha umma kinapouzwa, mashine huhesabiwa, ardhi hupimwa, majengo huthaminiwa. Makaratasi hayamo kwenye hesabu hiyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa kiwanda alichofanyia kazi mama yangu, kimojawapo cha vile vya nguo vilivyojengwa nchini baada ya Uhuru. Jina lake nitaliacha. Kilipobinafsishwa, masjala nzima ilitolewa nje ili chumba kiwe stoo. Sehemu ikachomwa, sehemu ikaishia kufungia karanga sokoni, na sehemu ikaokolewa na wafanyakazi wenyewe, kila mtu akibeba alichoweza kubeba kwa baiskeli au kichwani.

Miaka mingi baadaye, watoto wa wafanyakazi hao pamoja na wastaafu waliobaki tulikubaliana kukusanya vile vilivyookolewa na kuvifanya maktaba ndogo ya utafiti hapa Mwanza, katika chumba tulichoazimwa. Naandika haya kwa sababu viwanda vya nguo vya mashirika ya umma vilikuwa vingi: Mwatex, Mutex ya Musoma, Tabotex ya Tabora, Mbeyatex, Polytex ya Morogoro, Kilitex, Sunguratex, Urafiki. Siamini kwamba masanduku yaliyo chini ya vitanda yako kwetu peke yetu.

Kabla ya kabati wala rafu, kuna swali linalopaswa kuulizwa mapema: makaratasi haya ni ya nani? Kumbukumbu za shirika la umma ni mali ya umma, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 hairuhusu mtu kuziharibu au kuzihamisha anavyotaka. Baadhi ya wazee wetu waliogopa sana waliposikia hivyo. Mzee mmoja aliyekuwa ameficha madaftari ya idara ya kufuma kwa zaidi ya miaka 20 alituambia, "Wanangu, mnataka nife nikiitwa mwizi?" Tulimweleza kwamba kutoa taarifa ndiko kunakomlinda. Tukaandika barua kwa ofisi ya Nyaraka za Taifa, Kanda ya Ziwa, tukaambatanisha orodha ya tulichonacho kadiri tulivyoweza kuitambua.

Kwa hiyo tangu siku za mwanzo tulikuwa na mafungu mawili. La kwanza ni kumbukumbu za shirika: madaftari ya zamu, orodha za malipo, hesabu za stoo, barua za uongozi. La pili ni vitu vya watu binafsi: picha, vyeti, barua za nyumbani, nguo. Kwa fungu la pili kila familia ilitia saini hati ya makabidhiano inayosema waziwazi kama kitu kimetolewa moja kwa moja au kimeazimwa. Msiruke hati hiyo kwa sababu mnajuana. Kujuana ndiko kunakoleta ugomvi, maana aliyetoa albamu ni kaka mkubwa na anayekuja kuidai ni dada mdogo.

Sasa nifike kwenye jambo lililotugawa kuliko yote, ambalo pia ndilo lililotupa zawadi kubwa kuliko zote.

Orodha za malipo zilikuja zimefungwa kwa kamba za katani, mafungu kwa mafungu, kila fungu mwezi mmoja, na ndani ya mwezi zimepangwa kwa idara na kwa zamu. Wengi wetu tulitaka kuzifungua na kuzipanga upya kwa majina. Sababu ilikuwa nzuri kabisa: mtoto wa marehemu akija kumtafuta baba yake, apewe karatasi zote za baba yake mahali pamoja. Aliyetuzuia alikuwa mama mmoja aliyekuwa karani wa masjala wakati kiwanda kikifanya kazi. Hakuwa na hoja ndefu. Alisema faili haliguswi mpangilio wake, kwa sababu mpangilio ndio unaoonyesha kazi ilivyokwenda, na karatasi ikishatolewa kati ya jirani zake hakuna atakayejua tena ilikuwa wapi. Tulibishana jioni nzima. Alishinda kwa sababu ya umri wake na heshima tuliyokuwa nayo kwake. Kuelewa kulikuja baadaye.

Mama yangu aliingia kiwandani hajui kusoma. Alikuwa idara ya kusokota. Nilipoanza kupitia orodha za zamu yake, mwezi baada ya mwezi, kwenye safu ya mwisho kulia mbele ya jina lake kulikuwa na dole gumba la wino wa zambarau. Juu yake dole gumba. Chini yake dole gumba. Karibu ukurasa mzima umejaa madole, wanawake na wanaume. Kisha ukafika mwezi ambao mahali pa dole kuna herufi kubwa tano, zimeachana, mkono umekandamiza kalamu hadi karatasi imebonyea upande wa nyuma: jina lake la kwanza tu. Miezi michache mbele kuna jina kamili, limeandikwa kwa haraka ya mtu anayesubiriwa na foleni.

Nililia pale mezani, na sioni haya kulisema. Lakini jambo kubwa zaidi nililiona nilipoinua macho kutoka kwenye mstari wake. Wenzake wa zamu ile ile nao walianza kutia saini ndani ya miezi hiyo hiyo, huku zamu nyingine za idara hiyo zikiendelea na madole kwa muda mrefu. Maana yake ni kwamba darasa lao la kisomo lilifuata zamu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na huku Kanda ya Ziwa mradi wa majaribio wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa umeanza tangu 1968, ukiwa na vitabu vya kujifunzia kusoma vilivyozungumzia kilimo cha pamba. Hayo yameandikwa vitabuni. Lakini kwamba wasokotaji wa zamu moja walijifunza pamoja na kuacha kupiga dole pamoja, hilo lilikuwa limeandikwa kwenye orodha za malipo tu, na tungelifuta kwa mikono yetu kama tungezitawanya kwa majina.

Tulichofanya badala yake ni kutengeneza fahirisi. Kila jina linaandikwa kwenye daftari, na mbele yake namba ya fungu na namba ya ukurasa. Mgeni akija anaangalia jina, analetewa fungu, anafungua ukurasa na kukuta karatasi ikiwa pale pale ilipowekwa na karani wa mwaka ule. Kazi hiyo ni ndefu na inachosha macho. Vijana waliomaliza kidato cha nne waliifanya vizuri kuliko sisi, mradi wasimamiwe kwenye tahajia, kwa sababu jina moja la Kisukuma utalikuta limeandikwa kwa namna tatu na makarani watatu. Andikeni zote tatu, kila moja na mstari wake.

Somo hilo hilo lilinisaidia nilipoanza kutafuta nje ya chumba chetu, kwa kuwa tulichookoa hakitoshi kusimulia habari nzima. Maktaba hupanga vitabu kwa mada, lakini nyaraka hukaa kwa ofisi iliyoziandika. Ukiingia chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, na kuuliza "mna nini kuhusu nguo?", utarudi na kidogo. Uliza nani alilipa, nani aliagiza, na barua iliandikwa kwa nani. Pamba iliyoingia kiwandani kwetu ilipitia mikononi mwa ushirika, yaani VFCU, chama kikuu kilichoundwa 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, kisha chama kikuu cha Nyanza. Mwaka 1973 ikaja Mamlaka ya Pamba. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Kila badiliko kama hilo lilihamisha majalada kutoka kabati moja kwenda jingine. Ukitafuta barua ya 1977 kwenye makabrasha ya ushirika utapoteza wiki, kwa sababu mwaka huo vyama vikuu havikuwapo.

Upande wa kiwanda chenyewe ni vivyo hivyo. Uwekezaji wa mwanzo ulipitia NDC, shirika la maendeleo lililoundwa 1965. Baadaye viwanda vya nguo vikawekwa chini ya Texco, shirika la taifa la nguo. Wakati wa ubinafsishaji mambo yalikuwa mikononi mwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, PSRC, na mwishowe kwa Msajili wa Hazina. Nilichora mfuatano huo kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani juu ya meza yetu. Mtafiti akija na swali la mwaka fulani, tunaweka kidole kwenye mwaka huo na kumwambia aanze kubisha hodi wapi. Karatasi hiyo imeokoa nauli za watu wengi.

Mfadhili naye ana kabati lake. Urafiki, uliofunguliwa 1968, ulijengwa kwa mkopo na mafundi kutoka Uchina, na Mwatex mitambo yake ilikuja kwa mkono wa Wafaransa. Wachumi wa wakati ule walivilinganisha sana viwanda hivyo viwili, kimoja kikitumia watu wengi zaidi na kingine mashine nyingi zaidi. Anayetaka kuvielewa kwa undani ajue kwamba nusu ya mazungumzo ilifanyika kwa lugha nyingine na katika nchi nyingine.

Kwa magazeti, nenda mkusanyiko wa East Africana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kumbuka kwamba The Standard lilitaifishwa 1970, na 1972 likaunganishwa na The Nationalist kuwa Daily News, ili usije ukadhani mfululizo umekatika. Kwa Kiswahili tafuta Uhuru na Ngurumo. Beba barua ya utambulisho, na mgeni kutoka nje ya nchi aanze na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Nyaraka za serikali kwa kawaida hufunguliwa zikitimiza miaka 30. Ndani tumia penseli tu. Unapopiga picha kwa simu, ukiruhusiwa, weka kipande cha karatasi chenye namba ya jalada ndani ya fremu ya kila picha. Picha isiyo na namba ni kazi ya kurudia.

Nguo zenyewe hatukuzitarajia. Tuliomba makaratasi, watu wakaleta na khanga, vitenge, mashuka ya hospitali, hata kipande cha jora kilichokuwa na kasoro ambacho mfumaji alipewa akatandika kitandani miaka yote hiyo. Tulikuwa na hofu kwamba chumba kitageuka duka la mitumba, lakini nguo ni nyaraka kamili. Khanga ina pindo, mji na jina, na mara nyingi ukingoni kuna alama ya mwenye mali na namba ya mchoro. Namba hiyo ndiyo inayokuunganisha na kitabu cha sampuli.

Kitabu hicho tulikipata kimoja tu, na ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote mle ndani. Kila ukurasa una vipande vya kitambaa vilivyobandikwa kwa gundi ya unga, mchoro mmoja kwa rangi mbalimbali. Ukiinua kipande taratibu, chini yake rangi bado inang'aa, ilhali juu imepauka. Kwenye ukurasa mmoja wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 pembeni mwa kipande chekundu kuna maandishi ya penseli: nyekundu imekwisha, tumia kahawia. Ukurasa unaofuata, kahawia. Unaofuata, kahawia tena. Fedha za kigeni zilikuwa zimeadimika na rangi ilitoka nje. Wanawake waliokuwa wakinunua khanga miaka ile wanakumbuka kwamba zilififia, na wengi walidhani wafanyakazi wamekuwa wavivu.

Kuhusu utunzaji, niseme yale yaliyotuumiza moyo. Watu wanapenda cheti, kwa hiyo wanakipigisha laminesheni. Msifanye hivyo kwa karatasi ya zamani. Joto na plastiki huiharibu, na hakuna namna ya kuitoa tena salama. Selotepu nayo huacha gundi ya njano inayokula karatasi. Toeni pini na klipu zenye kutu, polepole, na kama karatasi zilikuwa pamoja zifungeni kwa uzi wa pamba au ziwekeni ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa. Rafu ziwe za chuma, ziachane na ukuta, na ya chini iinuke kutoka sakafuni, maana mchwa wa huku hawabishi hodi. Wakati wa mvua unyevu wa ziwani huleta ukungu, na dawa yake ni hewa kupita, si kuanika juani. Jua litawamalizieni kazi ambayo mchwa hawakuimaliza.

Masanduku maalumu ya kutunzia nyaraka yanaagizwa nje, na bei yake kwetu ilizidi ya rafu zote. Mtaalamu mmoja alitushauri tutumie marekani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa, ifuliwe kwa maji ya moto mara kadhaa hadi wanga uishe kabisa, isitiwe manukato wala dawa ya kulainisha. Sasa madaftari yamevikwa marekani, na kila moja lina kitambulisho cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli. Khanga zimeviringishwa juu ya mabomba ya kadibodi yaliyozungushiwa marekani hiyo hiyo, bila mkunjo hata mmoja, kwa sababu kitambaa hukatikia kwenye mkunjo. Usiifue nguo ya zamani ili ipendeze. Doa la mafuta ya mashine kwenye joho la kazi ni sehemu ya habari yake.

Gharama kubwa ya kila mwezi haikuwa vifaa. Ilikuwa nauli, umeme, nakala, na chakula cha wazee tuliowaita kusimulia, kwa kuwa huwezi kumkalisha mzee wa miaka 80 saa nne ukamrudisha nyumbani na njaa. Tulichanga. Kuna miezi ambayo michango haikutosha na baadhi yetu tuligombana na wenzi wetu kwa sababu ya hela iliyokwenda kwenye rafu. Atakayeanza ajue hilo na alizungumze nyumbani mapema.

Lakini kilichokuwa kigumu kuliko fedha ni matumaini. Habari ziliposambaa kwamba orodha za malipo zimepatikana, watu walikuja kwa wingi wakiamini kwamba sasa mafao yao yatalipwa. Kuna bibi aliyetoka mbali kwa basi la usiku, amebeba kadi ya kazi ndani ya kitambaa. Tulimwonyesha jina lake. Alifurahi, kisha akauliza hela atachukulia wapi. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya ukweli: kwamba hapa ni mahali pa kusoma, hatuna mamlaka ya kulipa wala kuthibitisha madai, na kwamba nakala tutakayompa inaweza kumsaidia kukumbuka tarehe atakapokwenda mwenyewe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Maelezo hayo sasa yako mlangoni kwa herufi kubwa, na kila anayepiga simu huambiwa kabla hajakata tiketi. Ni wajibu kumwambia mtu jambo hilo akiwa bado kwake.

Majalada ya wafanyakazi binafsi tumeyafungia kando. Ndani yake kuna maradhi, onyo la ulevi, mimba, madeni. Mwenyewe au familia yake husoma, na wengine hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza uzito, lakini hata bila sheria hiyo tungefanya hivyo, kwa sababu wajukuu wa watu hawa tunasali nao.

Jambo la mwisho tulilolifanya lilipaswa kuwa miongoni mwa ya kwanza, nalo ni kuandika nini kitatokea siku chumba kitakapofungwa. Wengi huona ni kujitabiria mabaya. Kule Lowell, Massachusetts, mji wa viwanda vya pamba, katika jimbo ambalo viwanda vyake vilipata soko la kitambaa Zanzibar katika karne ya 19, kulikuwa na makumbusho ya historia ya nguo ya Marekani yenye maktaba kubwa ya utafiti. Ilifungwa 2016 kwa kukosa fedha. Vitabu na nyaraka zake hazikutawanyika mitaani, bali zilipelekwa Chuo Kikuu cha Cornell. Kama chombo kikubwa namna hiyo kinaweza kufungwa, chumba chetu cha kuazimwa kina hakika gani? Hati yetu inasema kumbukumbu za shirika zitakwenda Nyaraka za Taifa zikiwa katika mpangilio wake na fahirisi yake, vilivyoazimwa vitarudi kwa familia zilizotajwa kwenye makabidhiano, na kitabu cha sampuli hakitakatwa vipande kugawanywa, hata akitokea mnunuzi. Wajumbe wote wametia saini, na nakala tatu zimehifadhiwa kwenye nyumba tatu tofauti.